Waliozisifu Nyumba za Kifusini

Uvumi wenyewe ulikuwa huu: kule kwenye ghuba, wanakomwaga kifusi ili bahari igeuke nchi kavu, kibanda cha mlinzi kilizama mchana kweupe. Mlinzi alikuwa ametoka kidogo kununua sigara. Aliporudi akakuta paa la kibanda limebaki usawa wa magoti yake, na redio yake inaendelea kuimba huko chini kana kwamba haijapewa taarifa. Wakubwa wakaja, wakatazamana, wakaamuru malori yamwage udongo juu yake, na siku iliyofuata pakapandwa maua.

Mama Vifungo aliusikia uvumi huo kazini, na tangu siku hiyo haukumtoka. Jina lake alipewa kwa sababu ya kazi yake, kushona vifungo na kupiga pindo kwenye karakana ya sare za shule. Na kazi ya vifungo inashughulisha mikono tu, kichwa inakiacha kirande. Sindano inaingia, sindano inatoka, na kichwa kinakwenda zake kifusini.

Aliyeuleta uvumi alikuwa mkataji wa vitambaa, mwanamume mwenye mkasi mkubwa na mdomo mkubwa zaidi, waliyemwita Kipaza.

"Umekiona wewe mwenyewe hicho kibanda?" Mama Vifungo alimuuliza.

"Nitakionaje na kimeshazama?"

Karakana nzima ikaangua kicheko, mpaka wa cherehani za mwisho kule dirishani. Mama Vifungo hakucheka. Alikuwa amejichoma kidole.

Sababu ya kutocheka ilikuwa moja. Binti yake na mumewe walikuwa wameomba nyumba kule kule, na mjukuu wake wa pekee, mtoto ambaye bado alikuwa hajajua kutambaa, ndiye angelazwa juu ya hicho kifusi.

Lakini asije mtu akadhani Mama Vifungo alikuwa mpinga nyumba. Nani apinge nyumba katika mji ambao watu wanaishi wamebanana kama meno? Yeye na binti, mkwe na mjukuu walikaa chumba kimoja ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo bomba la maji lilikuwa moja kwa kila ghorofa na foleni yake haikujua sikukuu. Chumba kiligawanywa kwa pazia la bluu, vipande vya sare vilivyobaki alivyoviunga mwenyewe. Upande huu kitanda chake, jiko na ndoo. Upande ule mke, mume na mtoto. Sasa mkwe na mama mkwe kulala chumba kimoja ni adhabu ambayo hakuna hakimu aliyewahi kuifikiria. Mkwe alikuwa anabisha hodi kwenye pazia. Mama Vifungo alikuwa anajifanya amelala jua likiwa bado halijazama vizuri. Mkwe akigeuka kitandani, yeye anakohoa ili ijulikane kwamba hasikii. Na mtu anayekohoa ili ijulikane hasikii, si ndiyo amesikia?

Kwa hiyo nyumba aliitaka. Alitaka tu isiwe ya kuzama.

Akaanza kuuliza watu, kidogo kidogo, kama mtu anayeuliza bei bila kutaka kununua. Hapo ndipo alipowajua watu.

Ghorofa ya juu kabisa alikaa Bibi Dirisha, mjane mwenye vyumba vitatu na mwili mmoja. Dirisha lake lilitazama ghuba, na wageni wake aliwaonyesha maji kana kwamba ameichimba bahari kwa jembe lake. Huyo alipinga kifusi waziwazi. Akikukuta kwenye ngazi umebeba ndoo hakupi nafasi, anakuhubiria.

"Samaki watakwenda wapi, mama? Hebu niambie. Na kasa je? Na upepo?"

Mama Vifungo alimsikiliza kwa adabu, ndoo ikimkata vidole. Bibi Dirisha alikuwa hajawahi kumwonea huruma samaki yeyote aliyefika mezani kwake. Alichokuwa anakilia ni dirisha. Hapo hapo kwenye ngazi zile zile watu walilala chini ya kila mtungo wa nguo zinazokauka, na kuhusu hao hakuwahi kuuliza watakwenda wapi.

Mwenyekiti wa jengo yeye alikuwa na msimamo kwa kila mtu aliyesimama naye. Ukimwendea na binti yako, atasema vijana wapewe nyumba, dunia inasonga mbele. Ukimkuta na Bibi Dirisha, anatikisa kichwa na kusema bahari ichezewe na wengine. Mama Vifungo alimkuta peke yake siku moja, akamuuliza. Mwenyekiti akatazama kushoto, akatazama kulia, akakosa wa kumwegemea, akasema ana haraka.

Na Kipaza, mleta uvumi mwenyewe? Ikajulikana ameomba nyumba mbili kule kifusini, moja kwa jina lake na nyingine kwa jina la mkewe.

"We mwanamume," Mama Vifungo akamwambia mbele ya meza ya kukatia, "si ulisema panazama?"

"Panazama, ndiyo."

"Sasa?"

"Nimeomba ghorofa ya juu, dada yangu. Wazame wa chini."

Na akaendelea kukata kola, mkasi haukutetereka. Wenzake wakamwona mjanja. Kuna mmoja alimuuliza kama nafasi za juu bado zipo.

Akabaki mkwe. Mkwe wake alikuwa dereva wa lori la kifusi. Kila siku alipeleka mizigo ghubani na kila siku alirudi na vumbi kwenye nyusi. Alikuwa kijana mpole, mwenye heshima, na asiyejisumbua kuwaza jambo ambalo mwenzake anaweza kuliwaza kwa niaba yake.

"Baba," Mama Vifungo alimwambia jioni moja kupitia pazia, maana hawakuzoea kutazamana, "huko mnamwaga nini hasa?"

"Kifusi, mama."

"Kifusi gani?"

"Kifusi ni kifusi tu, mama. Kuta zilizobomolewa. Matope. Miti. Wakati mwingine magodoro."

"Magodoro?"

"Yanafunikwa."

"Na wewe utakwenda kulala juu yake, na mtoto?"

Mkwe akajibu kwa upole wake wote: "Mama, mimi nitalala juu ya godoro langu."

Binti akacheka huko ndani mpaka mtoto akaamka. Mama Vifungo alivuta shuka mpaka puani. Angesema nini? Mtu anayemwaga magodoro mchana akaja kuyaota kuwa msingi jioni, huyo utamfundisha nini?

Kisha wakaja watu wa kukusanya maoni.

Kabla hawajafika ulitangulia uvumi mwingine, na huo nao haukujulikana umetoka kinywani mwa nani: eti atakayesema hapana, jina lake litafutwa kwenye foleni ya nyumba, la watoto wake pia. Hakuna aliyekwenda kuuliza kama ni kweli. Waliona afadhali kuuamini, uwasaidie kuogopa.

Aliyepanda ngazi za jengo lao alikuwa binti mdogo, safi, mwenye simu pana kama sinia. Ungeona jinsi jengo lilivyobadilika. Watu ambao wiki nzima walikuwa wanatukana kifusi kwenye foleni ya bomba walifuta viti kwa upindo wa kanga. "Karibu mwanetu, pole na ngazi." Wakamtolea maji ya baridi. Sasa mgeni ameshapanda ngazi, ameshaketi, ameshakunywa, utamtolea hapana? Huo ndio ugonjwa wao wale watu. Waliona kumkatalia mgeni ni kukosa adabu, hata kama mgeni amekuja kuuliza wangependa kuzama upande gani.

Sauti ya Bibi Dirisha ilisikika kutoka juu, tamu, imelainika kama imetiwa mafuta: "Ni jambo jema sana, binti yangu. Tulilingojea." Samaki, kasa na upepo aliwasahau wote kwa pamoja.

Zamu ya chumba cha pazia ilipofika, binti wa maoni alisoma kwenye simu yake: "Kuhusu ujazaji wa ghuba kwa ajili ya makazi, je, unaunga mkono sana, unaunga mkono, au unaunga mkono kiasi?"

"Na asiyeunga?" Mama Vifungo akauliza.

"Huyo yuko chini, kwenye mengineyo."

"Basi niweke huko chini. Andika hivi: hilo tope limekaa muda gani kabla ya kujengewa?"

"Mama, hapa pana nafasi ya jibu tu. Swali haliingii."

Chini ya meza binti yake alimbana paja, na akambana kwelikweli, kwa kucha. Mama Vifungo akamtazama. Alikuwa amembeba mtoto begani na macho yameiva kwa usingizi wa nyuma ya pazia.

"Weka kiasi," Mama Vifungo akasema.

Binti wa maoni akagusa kioo, akashukuru, akashuka. Haikupita muda ikatangazwa kwamba wananchi wameulizwa, na wananchi wamefurahi.

Nyumba za kwanza zilipokamilika, waliobahatika walialikwa kwenda kuziona. Binti na mkwe walikuwemo. Kipaza alikuwemo, ghorofa ya juu kama alivyotaka. Mwenyekiti alikwenda kwa sababu kulikuwa na mwaliko, na Bibi Dirisha kwa sababu hakutaka kuhadithiwa. Mama Vifungo alikwenda kumshika mtoto.

Kulikuwa na turubai, viti vimefungwa utepe, na soda za baridi kwenye mapipa ya barafu. Aliyewapokea alikuwa kijana wa suti, mwenyeji wao, na mwenye heshima zake: aliwaamkia watu wazima wote shikamoo, akiwainamia. Wakaamkiwa, wakapewa soda, na kuanzia hapo wakawa wamenunuliwa. Tena kwa soda moja moja.

Mama Vifungo alihisi ardhi kwanza. Ilikuwa inabonyea. Si sana, ni kama unapokanyaga zulia lililotandikwa juu ya nguo. Alitazama wenzake kama wamehisi. Walikuwa wamehisi. Uliona mtu anatua mguu, anasita, anatabasamu, anakunywa soda.

"Ardhi laini," Mwenyekiti akasema. "Nzuri kwa magoti."

Ndani ya nyumba waliyopangiwa binti na mkwe palinukia rangi. Sebule, jiko, choo cha ndani, na chumba cha kulala. Binti alipoona choo cha ndani aliziba mdomo kwa mkono, na mama yake akageuka asimwone mtoto wake akikaribia kulia kwa ajili ya choo. Ukutani, juu ya dirisha, ilitundikwa picha ya maua ambayo haikuwa katikati ya kitu chochote. Ufa ulitokeza kila upande wa fremu yake kama masharubu.

Mlango wa chumba cha kulala ulikataa kufunguka.

Kijana wa suti aliusukuma kwa mkono, ukakataa. Akausukuma kwa bega, ukatoa mlio, ukafunguka nusu. "Mlango mzito ni usalama," akasema bila kugeuza uso. "Mwizi hapiti."

Watu wakacheka. Tena wakacheka kwa kumsaidia! Mwenyekiti akausukuma kwa bega lake akasema, kweli, huu ni mlango. Kipaza akausukuma akasema siku hizi wanatengeneza milango kama makaratasi, lakini huu mtu ameutengeneza akiwa na akili timamu. Wakapita mmoja mmoja, kila mtu akitoa bega lake, kila mtu akitoa sifa yake, na waliobaki nyuma wakijipanga wasikose zamu. Bibi Dirisha alishindwa kuusukuma, akausifu akiwa nje.

"Kwa nini haufunguki?" Mama Vifungo akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama unavyomuuliza fundi kwa nini zipu haipandi. Lakini nyuso zote zikamgeukia yeye, si mlango.

"Mama, tumekaribishwa," Mwenyekiti akanong'ona.

"Na soda umekunywa," Bibi Dirisha akasema, yeye bila kunong'ona. "Unamkosoa mtu ndani ya nyumba yake!"

"Nyumba yake? Si ni yetu tunayopewa?"

"Basi ukishapewa ndipo useme!"

Kijana wa suti alikuwa anatabasamu tu. Hakuwa na kazi ya kufanya. Walikuwa wanamfanyia.

Binti yake akamvuta pembeni, kwenye jiko jipya, karibu na sinki linalong'aa. "Mama, usinitie aibu. Nakuomba. Au unataka nizeekee nyuma ya pazia nikikusikiliza unavyokohoa?"

Hapo alimpata. Mama Vifungo angeweza kushindana na suti, na Mwenyekiti, na soda zote za kwenye barafu. Lakini si na hilo la kukohoa. Akampokea mtoto, akafunga mdomo, akatoka nje akasimama kwenye ile ardhi laini akiwa anabadilisha miguu.

Wakahamia. Mkwe alikodi lori la rafiki, akapakia kitanda, sufuria na kabati lisilo na mguu mmoja. Binti aliliteremsha pazia mwenyewe, akalikunja, akaliweka juu ya kitanda cha mama yake. Mama Vifungo akabaki na chumba kizima. Kilikuwa kikubwa mno. Alikohoa mara nyingine kwa mazoea tu, na hakukuwa na wa kumficha.

Alikuwa anakwenda kuwaona kila anapopata nafasi, akichukua na mfuko wa mashati ya kushona vifungo ili safari isiwe ya bure. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa unarandwa. Fundi seremala anakuja, anapunguza upande mmoja, wiki ijayo unakwama upande mwingine. Binti akazoea. Mtu huzoea haraka kitu alichokipigania. Na mkwe alikuwa bado anaendesha lori lile lile, maana sasa walikuwa wanajaza sehemu ya pili, mbele zaidi baharini.

Mvua ikanyesha siku mfululizo. Siku ilipokatika, Mama Vifungo alikwenda mchana kuwajulia hali. Mtoto alikuwa amelala chumbani, binti anaanika nguo kwenye korido, na yeye ndio kwanza ametoa shati la kwanza mfukoni. Ukasikika mlio chini ya sakafu, si mkubwa, kama mtu mnene anavyojiweka sawa kitini. Vikombe vikagongana kabatini. Ile picha ya maua ikaanguka.

Halafu mtoto akalia.

Binti aliusukuma mlango wa chumba kwa mkono. Kwa bega. Kwa mgongo. Haukutoa hata mlio. Fremu ilikuwa imeubana kama taya. Dirisha la chumba hicho lilikuwa na nondo, tena nondo nene, za usalama. Ndani kilisikika kitu kizito kikianguka, na kilio cha mtoto kikakatika katikati.

"Mama!" binti akapiga yowe. "Mama, mtoto!"

Majirani walitoka mbio kwenye korido, wengi wao wale wale waliousifu ule mlango. Na Kipaza akateremka kutoka juu, viatu mkononi. Mama Vifungo akamshukuru Mungu kumwona mwanamume mwenye mabega.

"Sukuma! Tusaidie kusukuma!"

Kipaza hakusukuma. Alinyanyua mikono miwili kama mtu anayetuliza mkutano. "Dada zangu, sauti chini kidogo. Chini pale wako wageni. Wameletwa kuangalia nyumba za sehemu ya pili."

"Mtoto yuko ndani!"

"Naelewa. Lakini wakisikia kelele, itasemwa nyumba zetu mbovu. Nani atazitaka tena? Subirini tu wageni waondoke, tuite fundi kistaarabu."

Na wale majirani, hata mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni, walitazama chini kupitia ukuta wa korido. Kweli, turubai lilikuwepo. Viti vya utepe, mapipa ya barafu. Kijana wa suti anainamia wazee. Wakarudisha macho, na hakuna aliyesogea. Mmoja alisema, "Labda amelala tena."

Mama Vifungo aliingia jikoni. Akachomoa mpira wa gesi, akaubeba mtungi ambao siku nyingine alikuwa anauburuta, akaja nao kifuani. Binti akashika upande wa pili. Wakaupiga mlango chini, pale panapokaa ubao mwembamba. Wakaupiga tena. Kipaza akasema, "Jamani, jamani," na akarudi nyuma asirukiwe na vipande. Ubao ukapasuka, binti akapita kwa tumbo, na msumari ukamchana blauzi mpaka kiunoni.

Kipande cha dari kilikuwa kimeangukia kitanda. Mtoto alikuwa pembeni mwa kipande hicho, mweupe wote kwa vumbi la chokaa, mdomo wazi, hana sauti. Binti akamgeuza kifudifudi akampiga mgongoni. Akakohoa. Akalia. Sikio moja lilikuwa linatoka damu, na hiyo ndiyo damu pekee iliyotoka.

Walipotoka naye kwenye korido watu walisogea pembeni kuwapisha, kwa adabu. Na kule chini wageni walikuwa wamenyanyua vichwa kwa ule mshindo. Kijana wa suti akawaambia ni mafundi wanamalizia malizia. Wageni wakaridhika. Kuna mzee mmoja alisema hiyo ndiyo dalili ya kazi kufanyika.

Familia ikarudi ghorofa ya tatu jioni ile ile, mkwe akiwa na vumbi lake la siku kwenye nyusi na kitanda kichwani. Walipofika mlangoni akasimama. "Mama," akasema, na safari hii alimtazama, "nilidhani wakubwa wanajua."

"Baba, kimwage chini hicho kitanda upumzike," Mama Vifungo akamjibu. Hasira yote aliyokuwa amemwekea ilikuwa imekwisha kwenye mlango.

Majirani walikuja kutoa pole, maana kwa kutoa pole hawajambo. Bibi Dirisha aliketi, akamtazama mtoto na plasta yake, akasema kwa huzuni kwamba yeye toka siku ile ya soda alijua kuna mtu ameisema vibaya ile nyumba, na nyumba ikisemwa vibaya lazima ijibu. Kipaza kazini alieleza, mkasi mkononi, kwamba mama mkwe ndiye aliyevunja mlango, kwa kijicho cha kuachwa peke yake. Waliocheka ni wale wale.

Mwenyekiti alikuja mwisho. Alitoa pole, akamsifu mtoto kwa kunenepa, akasita mlangoni.

"Ile nyumba mliyoiacha," akasema, "imeshapata mtu?"

Binti aliinuka. Mama Vifungo alidhani anakwenda kumjibu kwa ndoo ya maji, na hakunyanyua mkono kumzuia. Lakini binti aliufungua mlango wa chumba wazi kabisa, akasimama pembeni yake. Mwenyekiti akatoka. Binti akaufunga, mara moja, kwa kidole, akarudi kumshika mtoto.

Basi nyinyi mlio kwenye foleni, na wenye watoto hasa, ya kuepuka ni haya:

Usihamie juu ya kifusi kipya kabla mvua kubwa hazijapita juu yake. Wanaokisifu watangulie wao.

Usinywe soda ya anayekuonyesha nyumba. Kunywa maji kabla hujatoka.

Usikubali nyumba yenye picha ukutani kabla haijapata mwenyewe. Itungue, tazama nyuma yake.

Usiusifu mlango ambao umeusukuma kwa bega.

Usimlaze mtoto chumba chenye mlango unaokwama na dirisha la nondo.

Usimwambie mtu wa maoni lile unalodhani ameliandaa. Akikosa nafasi ya hapana, mwambie aitafute, na asiondoke mpaka ameiona.

Usimwamini anayekwambia ghorofa za juu hazizami.

Usimbane mama yako paja anapouliza.

Na wewe mama, usinyamaze kwa sababu mwanao amekuonea aibu.

Usingoje wageni waondoke.